Unataka kuwa wakili wa fidia za wafanyakazi huku Kusini? Soma hii kwanza

Ngoja nianze na lile litakalowakatisha tamaa wengine ili tubaki wachache: mfanyakazi akiumia kazini hapa Tanzania Bara hahitaji wakili ili alipwe fidia. Anampa taarifa mwajiri, mwajiri anapeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ile WCF, nyaraka zinakamilika, analipwa. Hatoi hata mia. Kwahiyo kama umeangalia muvi za Kimarekani ukaona wakili anazunguka wodini anagawa kadi halafu anakula theluthi ya hela ya mgonjwa, huku kwetu sahau, na ukijaribu kumtoza mtu laki mbili za kumjazia fomu ambayo angejaza bure ujue umekaa pabaya.

Sasa mbona mimi nipo Mtwara na kazi hii inanilisha? Kwa sababu hiyo njia iliyonyooka mara nyingi hainyooki. Bosi hakusajili. Bosi kasajili ila kaandika mshahara nusu. Bosi anasema "huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua wa deiwaka". Taarifa imechelewa. Asilimia ya ulemavu imeandikwa ndogo kuliko jeraha. Au fidia imelipwa vizuri kabisa, jamaa karudi kazini na mkono mmoja anakuta barua ya kuachishwa. Hapo ndipo wakili anaingia, na huku Kusini wanaojua vitu hivi kwa kina si wengi, wengi wetu tumezoea ardhi, mirathi na jinai.

Kwahiyo mwongozo huu nauandikia wadogo zangu wa Mtwara na Lindi, uliyeko fomu siksi Ndanda, uliyeko chuo, na hata wewe uliyeko kazini tayari unafikiria kusoma sheria ukubwani. Nitakaa zaidi kwenye sehemu ambazo watu hawaambiwi. Zile za kwenye brosha za vyuo nitapita mbio.

Kwanza ijue sheria yenyewe, hata kabla hujaomba chuo

Sheria mama ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263. Kabla yake tulikuwa na sheria ya enzi za mkoloni iliyokuwa na viwango vya kuchekesha, mtu anapoteza mguu anapewa hela ya kununua baiskeli. Mfuko ulianza rasmi Julai 2015, malipo ya fidia yakaanza Julai 2016. Hizo tarehe zishike, maana wazee wengi watakuja na ajali ya mwaka 2009 na utatakiwa kuwaeleza kwa upole kwanini hadithi yao ni tofauti.

Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake. Sekta binafsi walianza na asilimia 1 ya mishahara, 2021 ikashuka 0.6, 2022 ikawa 0.5 sawa na serikali. Hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti, na hii rudia kila unapokutana na wafanyakazi kwa sababu robo tatu ya watu wanachanganya WCF na NSSF. Mtu anakuambia "mi nakatwa kila mwezi". Unakatwa NSSF mjomba, hiyo ni ya uzeeni na mambo mengine, hii nyingine hukatwi kabisa.

Mafao yenyewe: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, malipo kwa anayemhudumia aliyeumia vibaya, ukarabati pamoja na mafunzo ya kazi mpya, gharama za mazishi, na pensheni kwa wategemezi mtu akifariki. Ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara na mwisho wake miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukiwa asilimia 30 kushuka chini unalipwa mkupuo mmoja, ukizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Huo mstari wa 30 uwekee alama nyekundu, nitaurudia.

Pembeni ya hiyo kuna sheria nyingine ambazo huwezi kuzikwepa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004, Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka huohuo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ambayo ndiyo OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, wanatembea nayo, na kanuni za utendaji bora za 2007, lile Tangazo la Serikali namba 42 (GN 42). Ukisoma fidia peke yake bila hizi utakuwa kama fundi mwenye nyundo tu. Na kumbuka yote haya ni Bara, Zanzibar wana sheria yao.

Shule, kwa kifupi

Fomu siksi, prinsipo mbili nzuri, HGL, HKL, HGK, yoyote inaenda mradi vigezo vya chuo umevifikisha. Kisha LLB, yaani digrii ya kwanza ya sheria, Dar es Salaam au Mzumbe miaka minne, vipo na vyuo vingine. Uliyeishia fomu foo usikate tamaa, kuna cheti na diploma ya sheria Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, unapanda nayo mpaka digrii. Na uliye kazini tayari, labda wewe ni afisa rasilimali watu kwenye kampuni au katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mkoa Mtwara na Lindi na wanafundisha LLB. Inachosha, inachukua muda, lakini nawajua watu waliomaliza huku wanalea watoto na wanakagua mikorosho yao.

Ukiwa LLB chagua somo la sheria ya kazi na lichukulie siriasi. Si kwa ajili ya GPA tu. Soma hukumu. TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria zetu, ni bure, hukumu za Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu zipo nyingi, jiwekee hukumu mbili kwa wiki hata ukiwa kwenye basi. Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560, ukirudi likizo mara moja tu umemaliza tano.

Baada ya hapo Law School, ile Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoanza 2008. Hapa niseme ukweli, ni pagumu. Mwaka 2022 matokeo yalitoka, kati ya wanafunzi 633 waliopasi moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walipata supu, yaani kurudia mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa chuoni. Nchi nzima ilizungumza, waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Watu wakalaumiana, vyuo vinasema Law School inakaba, Law School inasema vyuo vinaleta watu wasiojua kuandika hati. Mimi nadhani kote kuna ukweli, ila kwako wewe ushauri ni mmoja, jifunze kuandika nyaraka ukiwa bado LLB. Andika hati ya madai, kiapo, maombi, mpe mtu aikosoe kwa kalamu nyekundu. Wengi wanaodisko wanaijua sheria, kinachowaangusha ni kalamu.

Ukipita unaomba kwa Jaji Mkuu, unasailiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, unaapishwa, unaingia kwenye daftari la mawakili na unakuwa mwanachama wa TLS, chama cha mawakili wa Bara. Leseni inahuishwa kila mwaka. Usicheleweshe, kufanya uwakili bila leseni hai ni njia ya haraka ya kuua kesi ya mteja pamoja na jina lako.

Siri ambayo hawakwambii: huhitaji kusubiri uapishwe

Kwenye CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mfanyakazi anaruhusiwa kuwakilishwa na kiongozi au mwanachama wa chama chake, na wakili, au na mwakilishi wake binafsi aliyemchagua mwenyewe. Maana yake kijana wa LLB aliyemaliza jana anaweza kukaa mezani CMA Mtwara au CMA Lindi akamtetea mtu kihalali. Hii ndiyo shule bora kuliko zote na haina ada.

Kwahiyo fildi yako ya chuo usiende kukaa ofisini Posta, Dar, kupiga fotokopi. Njoo huku. Omba CMA, omba ofisi ya kazi ya mkoa, omba chama cha wafanyakazi, TUICO kwa viwanda, TAMICO kwa migodi, DOWUTA kwa bandari. Au jiunge na wasaidizi wa kisheria, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanatambulika, na kule vijijini Tandahimba au Liwale wao ndio watu wa kwanza kusikia kwamba mtu kaumia.

Mimi kipindi changu cha kwanza nilikaa miezi mitatu nafuata usuluhishi tu, sisemi kitu, naandika. Nikajifunza kwamba kesi nyingi hazikufia kwenye sheria, zilifia kwenye siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi ni siku 30 kuufikisha CMA. Migogoro mingine siku 60. Kuomba mapitio ya tuzo, yaani uamuzi wa CMA, Mahakama Kuu wiki 6. Mwajiri kuripoti ajali WCF siku 7 tangu ajue. Madai ya fidia miezi 12. Hizi zibandike ukutani mbele ya meza yako, kubwa, kwa maka.

Wapi ukae na kazi zinatoka wapi

Mtwara mjini kuna Mahakama Kuu, kwahiyo ofisi hapa ina mantiki. Lindi ni kama kilomita mia na kitu, unaenda asubuhi unarudi jioni. Ila Masasi usiidharau, ukiwa Masasi umeshika Nachingwea, Newala, na kona ya kwenda Tunduru, na mawakili si wengi.

Kazi zenyewe fuata jasho liliko. Bandarini Mtwara msimu wa korosho na makaa ya mawe yanayoshuka toka Ruvuma kwa malori: madereva, matingo, wapakiaji. Kiwanda cha saruji cha Dangote na wakandarasi wote wanaozunguka eneo lile. Gesi Mnazi Bay na Madimba, na Songosongo upande wa Kilwa. Mashamba ya chumvi ya pwani. Machimbo ya Ruangwa. Maghala ya korosho Oktoba mpaka Januari, kijana anabeba gunia la kilo 80 mara mia kwa siku. Na viwanda vya kubangua, ambako dada zetu mikono inachunwa na yale mafuta ya ganda, akienda zahanati anaambiwa ni aleji anapewa krimu. Ile si aleji ya sabuni dada yangu, ile ni kazi. Ugonjwa unaotokana na kazi unafidiwa kama ajali, shida ni hakuna siku moja ya kusema "niliumia hapa", kwahiyo ushahidi lazima uujenge taratibu: alianza lini, alikuwa kitengo gani, alipewa glavu au hakupewa, wenzake wangapi wana hali hiyohiyo.

Salfa pia. Msimu wa kupuliza mikorosho vijana wanavuta vumbi la salfa bila barakoa wiki nzima, na mwajiri ni mzee wa kijiji mwenye heka ishirini ambaye hajawahi kusikia neno WCF. Hapo sheria inamhusu ila kumwelewesha ni kazi nyingine, unaanza na "shikamoo babu" na unamaliza baada ya chai ya pili.

Faili la kwanza: unafanya nini mtu akiingia mlangoni

Hapa ndio pa kukaa.

Akiingia, usianze na sheria, mwache aeleze mpaka aishiwe. Watu wa huku wakiwa na mtu mwenye suti wanafupisha mambo, anakuambia "niliumia tu" na kumbe nyuma ya hilo "tu" kuna mashine iliyotolewa kava wiki mbili kabla. Mpe maji, msikilize, andika kwa maneno yake.

Halafu tafuta vitu vinne kwa mpangilio huu. Siku ya ajali, saa ikiwezekana. Nani aliona. Alitibiwa wapi mara ya kwanza. Alilipwa kiasi gani na kwa njia gani.

Cheti cha hospitali ya kwanza ni dhahabu. Iwe Ligula, iwe Ndanda, iwe Nyangao, iwe Sokoine pale Lindi, karatasi ya siku ileile inayosema "ameumia kazini" ina uzito kuliko mashahidi watano wa baadaye. Tatizo wafanyakazi wengi wanaambiwa na msimamizi "sema umeanguka na bodaboda, tutakutibu wenyewe". Nimeona hii mara nyingi mpaka naijua kwa harufu. Mteja akikubali kwamba ndivyo alivyosema hospitali, usimfokee, chukua maelezo yake mapema pamoja na mashahidi waliokuwepo, na simu zao, na ile meseji ya msimamizi ya kutuma hela ya nauli. Miamala ya simu imeokoa watu.

Kisha swali la ajira. Bosi atasema hana mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi kifungu cha 61 ina dhana ya ajira, mtu anahesabika mfanyakazi mpaka ithibitike vinginevyo kama lipo hata moja kati ya mambo yaliyotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya ile taasisi, amemfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa, au anamfanyia mtu mmoja tu. Sasa mwangalie kuli wa ghalani aliyefanya msimu mzima kwa tajiri mmoja, kitoroli cha tajiri, filimbi ya tajiri. Karatasi ya mkataba hana lakini hoja anayo.

Mshahara. Hapa ndio wizi wa kimyakimya ulipo na hata mfanyakazi mwenyewe hajui. Chukua dereva wa lori anayepokea laki nane kwa mwezi, ila mwajiri kapeleka WCF karatasi ya laki nne. Kwa asilimia 0.5 bosi alitakiwa achangie 4,000, kachangia 2,000. Kaokoa buku mbili kwa mwezi. Dereva akivunjika nyonga asilimia 70 inapigwa kwenye laki nne, anapata 280,000 badala ya 560,000. Kila mwezi anapoteza 280,000 ili bosi aokoe hela ya soda mbili. Ukimchorea mteja hesabu hiyo kwenye karatasi anakaa kimya kabisa. Kwahiyo kusanya salari slipu, stetimenti ya benki, miamala, daftari la posho, chochote kinachoonyesha hela halisi, tena kabla hesabu haijafungwa.

Halafu asilimia ya ulemavu. Rudi kwenye ule mstari wa 30. Mtu wa asilimia 29 anapewa mkupuo, anajenga vyumba viwili au ananunua bodaboda ikifa imekufa. Mtu wa 32 anapata pensheni ya kila mwezi. Tofauti ni pointi tatu za daktari. Hapa ndio wakili anayejua kusoma ripoti ya tathmini anapata heshima. Huhitaji kuwa daktari, ila jifunze kusoma: kiungo gani kimepimwa, kimepimwa jeraha likiwa limetulia au bado, maumivu ya mgongo yaliyotokana na kutembea kwa kuchechemea yametajwa au yameachwa. Jenga urafiki wa kikazi na madaktari wa mifupa, waulize maswali ya kijinga, hawachukii. Usimwombe daktari aongeze asilimia, hiyo ni jinai na mji wetu mdogo. Mwombe aeleze alichoona kikamilifu.

Uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko ukiwa mbaya haujafika mwisho. Unaomba kwa Waziri aupitie, na usiporidhika unakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kuna siku zake, na ukishasoma barua hesabu siku hiyohiyo, usiseme nitaisoma Jumatatu.

Na usisahau faili la pili ndani ya faili la kwanza: amefukuzwa? Mfanyakazi mgonjwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 nusu. Kumwachisha kwa sababu hawezi tena kazi kuna utaratibu wake, lazima mwajiri aangalie kama kuna kazi nyepesi anayoweza kupewa, lazima ashauriane naye. Wengi wanaruka hizo hatua. Ila saa ya CMA inakimbia siku 30, na mteja wako anasubiri kwanza WCF imalize ndio adai kazi. Mwambie siku ya kwanza kabisa kwamba hivi ni vitu viwili na haviongojani.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa hapo. Mama mmoja wa kiwandani, nikashughulikia fidia yake vizuri mno, nikajisifu, kumbe barua ya kuachishwa alikuwa ameiweka kwenye pochi siku ya arobaini sasa, mimi sikuuliza na yeye alidhani naijua. Niliomba muda uongezwe, tukakataliwa. Tangu siku hiyo kila anayeingia namwambia "mama, hebu mwaga pochi yote mezani".

Hela

Tuongee ukweli. Mfanyakazi aliyeumia hana hela, na ile ambayo angekulipa ni ya kula. Ukitegemea upande huo peke yake utafunga ofisi kabla masika hayajaisha. Mawakili wanaodumu kwenye kazi hii wanakula upande wa waajiri kwa njia safi: kampuni ndogo, wakandarasi, vyama vya ushirika, wamiliki wa malori. Unawasajili WCF, unapitia mikataba, unawafundisha wasimamizi namna ya kuripoti ajali, unawaandalia rejesta, kwa ada ya mwezi inayojulikana. Mwajiri akielewa kwamba kutojisajili ni kosa la jinai na kwamba 0.5 ni rahisi kuliko kesi, anakuja mwenyewe.

Ila chunga mgongano wa maslahi, Mtwara ni ndogo. Ukishamshauri mwenye malori huwezi kesho kumtetea dereva wake dhidi yake. Weka daftari la majina, angalia kabla hujasema karibu.

Kwa upande wa wafanyakazi andika makubaliano ya ada hata kama ni ndogo, kwa Kiswahili chepesi, mteja ampe mtoto wake aliyesoma amsomee. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, huna kisingizio cha kumsainisha mzee wa Kitangari karatasi ya Kiingereza.

Mimi mteja wangu wa kwanza wa CMA alinilipa kwa awamu nne, tatu kwa simu na ya nne akaleta mwenyewe mpaka ofisini, kilo kumi za korosho zimebanguliwa vizuri kwenye ndoo ya rangi. Nilizipokea, nikamwandikia risiti ya mkono, halafu nikakaa nikaitazama mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, nikiwaza nibonyeze wapi.